Mnatupa Kipaza Sauti, Kinanda Mnakifungia Stoo

 Wiki hii zamu ya kuandika imeangukia sisi wa kikundi cha muziki. Tunaomba msome mpaka mwisho, halafu mkitaka kukasirika, kasirikeni.

Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na nyote mnajua inavyokuwa hapa. Turubai linafungwa uwanjani, jenereta linanguruma, tisheti zinagawiwa, wageni wanachelewa. Mara ya mwisho, wakati tunawasubiri hao wageni, kijana wa mitambo alipiga "Ready or Not" ya Fugees. Uwanja ukalipuka. Kile kiitikio wanakijua hata wale wasiojua Kiingereza. Mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mzuri tu, akashika kipaza sauti akatuambia: "Huu ni wimbo wenu! Fugees maana yake wakimbizi!" Tukapiga makofi.

Hakudanganya. Jina Fugees limekatwa kutoka neno la Kiingereza la mkimbizi, neno ambalo kule Marekani watu wa Haiti walikuwa wakitupiwa kama tusi. Wyclef Jean alizaliwa Haiti. Pras wazazi wake wametoka Haiti. Lauryn Hill ni mzaliwa wa Marekani. Walilichukua lile tusi wakalifanya jina la kundi, na mwaka 1996 albamu yao The Score ikazunguka dunia. Sisi tunaoitwa "mkimbizi" kwa dharau sokoni, hata na mtu anayetuuzia nyanya, tunaelewa ule ujasiri.

Lakini kile kiitikio kilicholipua uwanja hakikuanza na Fugees. Kilitoka Philadelphia mwaka 1968, kwenye wimbo wa kundi la Delfonics. Waliouandika ni wawili: William Hart, mwimbaji wa kundi, na kijana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Thom Bell. Fugees walikichukua miaka 28 baadaye, na hadi leo Bell na Hart wanatajwa kati ya watunzi wa wimbo ule wa Fugees.

Tuliwauliza wenzetu waliokuwa wakicheza pale: Thom Bell ni nani? Hakuna aliyemjua. Na sisi tusijifanye, hatukumjua pia. Mmoja wetu alimaliza bando lake la wiki nzima kumsoma usiku, na asubuhi akaja ameshika daftari. Tangu siku ile tunazungumza habari moja tu, na ndiyo tunayoileta hapa: kambi hii inalea waimbaji na inawaua wapangaji wa muziki. Wanaofanya hivyo ni mashirika, na ni sisi wenyewe pia.

Kwanza tueleze mpangaji ni nani, maana wengi wanadhani wimbo unatoka mdomoni mwa mwimbaji umeshaiva. Hapana. Mwimbaji analeta sauti, mtunzi analeta maneno na melodi. Kisha lazima awepo mtu wa kuamua gitaa lianze lini, ngoma inyamaze wapi, sauti ya pili iingie juu au chini, kinanda kijibu nini baada ya mstari wa kwanza. Huyo ndiye mpangaji. Na akisimamia pia kurekodi, akachagua studio na wapigaji, akamwambia mwimbaji "rudia, hapo umedanganya", huyo ni produsa. Thom Bell alikuwa vyote viwili, na mara nyingi alikuwa mtunzi pia.

Alikulia Philadelphia katika nyumba ya muziki, na piano alianza kujifunza akiwa mtoto mdogo, piano ya kusoma noti, si ya kubahatisha. Ujanani aliimba pamoja na Kenny Gamble, rafiki yake. Baadaye akaongoza bendi ya Chubby Checker, yule wa densi ya twist. Ilimbidi awapange watu wazima, awaambie nani aingie lini. Jukwaani macho ya watu yote yalikuwa kwa Checker. Bell alikuwa pembeni anajifunza kazi.

Alipopewa Delfonics, vijana wa mjini kwake, pesa zilikuwa chache. Basi kwenye rekodi zile za mwanzo alipiga vyombo vingi mwenyewe. "La-La (Means I Love You)" ilitoka 1968 ikaingia nyimbo kumi bora za Marekani. "Didn't I (Blow Your Mind This Time)" ikafuata na kuwapa Delfonics tuzo ya Grammy. Zisikilizeni hizo nyimbo, zinapatikana. Mtasikia pembe za shaba na violini, vyombo ambavyo watu walizoea kuvisikia kwa matajiri waliokaa kimya kwenye ukumbi. Yeye aliviweka nyuma ya vijana weusi wa mtaani wanaoimba mapenzi, na havikuonekana vimeazimwa.

Tena alikuwa mkali. Wenzake Gamble na Leon Huff, waliojenga naye ile sauti ya Philadelphia, mara nyingi waliwaacha wapigaji watafute wenyewe njia ndani ya studio. Bell hapana. Aliandika kila noti kwenye karatasi, akataka ipigwe kama ilivyoandikwa. Ukiingia Sigma Sound, studio waliyokuwa wakirekodia, unakuta kazi yako imeshafikiriwa na mtu aliyekesha.

Sasa tuache Philadelphia kidogo, turudi hapa kwenye vumbi letu.

Tulikuwa na mpiga kinanda. Jina lake hatuliandiki kwa sababu ametukataza. Amezaliwa Kivu, kinanda alikijulia kwenye kwaya, na tangu amefika hapa hakuna kwaya ya zoni yetu ambayo hakuipanga. Siku moja shirika fulani likataka wimbo wa kampeni wa kukataza wasichana kuozeshwa mapema. Wakachagua waimbaji sita, watatu wa kiume na watatu wa kike. Wakawapa tisheti, soda, nauli na posho ya siku tatu za kurekodi.

Yeye hakuchaguliwa, kwa sababu haimbi. Lakini bila yeye hakukuwa na wimbo. Wiki mbili alikaa na kompyuta ya kuazima anatengeneza biti, analipa kuchaji dukani kwa pesa yake mwenyewe. Waimbaji sita wote walikuwa wanaimba sauti moja, wanapigana. Akawagawa: huyu juu, huyu kati, wewe chini, wewe nyamaza mpaka mstari wa tatu. Yule dada wa sauti nyembamba ambaye wote walimwona dhaifu, akamweka peke yake mwishoni, vyombo vyote vimenyamaza. Video ilipotoka, watu walilia sehemu ile ile.

Mwisho wa video majina yakapita. Waimbaji sita. Mpiga picha. Msimamizi wa mradi. Nembo ya shirika, nembo ya mfadhili, shukrani kwa ofisi ya kambi. Jina lake halikuwepo. Alipokwenda kuuliza aliambiwa kwa upole kabisa kwamba bajeti ilikuwa ya wasanii. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Kwani miye siko musanii?" Hakujibiwa.

Leo anaendesha bodaboda ya mtu. Hatuidharau kazi hiyo, inalisha watu. Ila alituambia kinanda hatagusa tena, na mwaka umepita hajagusa. Na vinanda vipo! Viwili vililetwa na mradi, vimefungiwa stoo ndani ya makaratasi yake, vinatolewa wakija wageni ili vipigwe picha. Ukiomba ufunguo unaambiwa mwenye ufunguo yuko kwenye semina.

Ndiyo maana habari ya Bell imetuuma. Sasa tumwendee tena, mara hii mtazame alichowafanyia waimbaji wenyewe.

Kulikuwa na kundi linaitwa Spinners. Walikuwa Motown, kampuni kubwa ya Detroit, kwa miaka mingi, na Motown haikuwathamini. Wengine wao walipewa kazi za udereva, kusimamia safari za wasanii wengine na kufungasha mizigo. Waimbaji kamili, wanabeba maboksi! Wanaojitolea kwenye mashirika mkiwa na cheti cha sekondari mfukoni, mnawaelewa bila kuelezwa. Mwaka 1972 walihamia Atlantic, na Bell, aliyepewa nafasi ya kuchagua wasanii wa kampuni ile atakaofanya nao kazi, akawachagua wao. Angeweza kuchagua jina kubwa zaidi. Akachukua watu waliowekwa pembeni.

Wimbo "I'll Be Around" ulikuwa umewekwa upande wa pili wa santuri, upande ambao kwa kawaida hausikilizwi. Watangazaji wa redio wakaugeuza, ukawa mkubwa kuliko ule wa upande wa kwanza. Baada ya hapo Spinners hawakubeba maboksi tena. Mwaka 1974 Bell aliwaunganisha na Dionne Warwick kwenye "Then Came You", ukawa namba moja Marekani. Warwick alikuwa nyota tangu zamani, lakini namba moja ya chati ile hakuwahi kuipata mpaka siku hiyo. Spinners vilevile.

Na hapa Wakongomani sikilizeni vizuri. Septemba 1974 hao Spinners walikuwa Kinshasa! Lilikuwa lile tamasha la siku tatu kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Walipanda jukwaa moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, na wenyeji wetu Franco na Tabu Ley. Wazee wetu wengine bado wanasimulia. Majina wanayoyataja ni ya waimbaji, na si kosa lao, ndio waliowaona. Lakini nyimbo zilizokuwa zimewapa Spinners jina mwaka ule zilipangwa na Bell, noti kwa noti. Muziki wake ulifika kwetu kabla sisi hatujazaliwa, na jina lake likabaki njiani.

Sasa wasikilizeni Stylistics. Bell alikuwa na Russell Thompkins Jr., mwanaume mwenye sauti ya juu nyembamba ambayo mpangaji mbaya angeizika chini ya ngoma. Alikuwa pia na Linda Creed, dada wa Kizungu wa mjini kwao aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi pamoja naye. Sikilizeni "You Make Me Feel Brand New", ya 1974. Inafunguliwa na sitar ya umeme, chombo ambacho hakuna aliyekitegemea kwenye wimbo wa mapenzi wa watu weusi wa Philadelphia. Kisha anaanza mwenzake Thompkins, Airrion Love, kwa sauti nzito ya chini. Thompkins amenyamazishwa. Ukishazoea ile sauti nzito, ndipo ile nyembamba inaingia, na unahisi kama mtu amefungua dirisha. Thompkins hakubadilishwa sauti. Alibadilishiwa wakati wa kuingia.

Ni kitu kile kile mpiga kinanda wetu alichomfanyia yule dada wa sauti nyembamba. Hakuwahi kumsikia Bell. Alikigundua mwenyewe, hapa, kwa kompyuta ya kuazima. Halafu sisi tukampoteza kwa sababu ya mstari mmoja wa bajeti.

Hatusemi kwamba Bell alisahaulika kabisa. Mwaka 1975 alipewa Grammy ya produsa bora, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Elton John, nyota wa Uingereza, alimfuata mwaka 1977 arekodi naye, na Bell akamfundisha kuimba kwa sauti ya chini zaidi na kupumua vizuri. Yaani nyota tajiri wa dunia anafundishwa kupumua na mtu wa nyuma ya kioo! Mwaka 1990 bado alikuwa kazini, wimbo wa James Ingram "I Don't Have the Heart" ukawa namba moja. Mwaka 2006 aliingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo Marekani. Alifariki tarehe 22 Desemba 2022, akiwa na miaka 79.

Kwa nini yeye alidumu zaidi ya miaka ishirini, na wetu akaishia kwenye bodaboda? Tunajua mtasema kipaji. Tunakataa. Kipaji tunacho, tena kingi, mpaka kinaoza. Tofauti tunaiona kwenye mambo matatu: mafunzo, jina na karatasi.

Bell alifundishwa noti tangu utotoni. Hapa, miaka mingi tumepewa semina za "kujiamini jukwaani". Tunajiamini sasa, asanteni, inatosha. Hatujawahi kupewa hata mwezi mmoja wa mwalimu wa kinanda. Jina la Bell liliandikwa kwenye santuri kama produsa, mpangaji na mtunzi, na kampuni iliyopenda wimbo ilijua ni nani wa kumtafuta. Hapa jina la mpangaji linakatwa ili nembo zipate nafasi. Na karatasi: Bell, Gamble na Huff walifungua pamoja kampuni yao ya kusimamia haki za nyimbo, Mighty Three Music. Hawakuwa wapigaji tu, walikuwa na sehemu ya mali. Hapa hakuna hata barua. Unafanya kazi kwa maneno, na maneno yanaondoka na mfanyakazi anayehamishwa kituo.

Tunajua majibu yatakayokuja, maana tumeshayasikia.

La kwanza: "Vijana, rasheni imepunguzwa, watu wana njaa, ninyi mnadai vinanda?" Njaa tunaijua, hatuhitaji kuelezwa. Lakini hatudai pesa mpya. Pesa ya muziki inatumika tayari. Mnakodi spika, mnashona tisheti, mnalipa mpiga picha atoke mjini. Tunauliza kwa nini pesa hiyo hiyo inapita juu ya kichwa cha mtu aliyetengeneza wimbo. Posho ya siku tatu ingemfanya abaki kwenye kinanda. Ilikuwa bei ya turubai moja.

La pili: "Lengo letu ni kuwapa wakimbizi sauti." Tumeichoka sentensi hii, tusameheane. Sauti tulikuja nayo. Mtu aliyetembea wiki mbili msituni na mtoto mgongoni hakuiacha sauti mpakani. Anachokosa ni uwezo wa kuamua sauti hiyo isikike vipi, ianze wapi, nani anyamaze ili mwenzake asikike. Huo ni upangaji, na ni mamlaka. Labda ndiyo maana kipaza sauti kinatolewa haraka na ufunguo wa stoo hautolewi. Mwenye kipaza sauti anasema dakika tatu kisha anarudisha. Mwenye kinanda anaweza kusema, "wimbo huu hatuuimbi hivyo."

La tatu linatoka kwa vijana wenzetu: "Siku hizi simu inafanya kila kitu, biti zipo bure." Kweli, zipo. Ndiyo maana nyimbo kumi za mwisho kutoka kambi hii zinafanana kama ndoo za maji. Unachukua biti ya mtu usiyemjua, unapanda juu yake na maneno yako, unaandika jina lako peke yako. Halafu unalalamika shirika limekuibia! Hata hao Fugees, pamoja na sifa zote, kwenye wimbo huo huo walitumia muziki wa Enya bila kumwomba ruhusa, na ilibidi baadaye wakae naye wasuluhishe. Kuitwa mkimbizi hakukupi ruhusa ya kuchukua jasho la mwenzako. Tunawaambia ninyi na tunajiambia sisi, kwa sababu tumefanya hivyo.

La nne ndilo gumu, na hatutalikimbia. Mtu anaweza kusema: Bell alikuwa na mji mkubwa, studio, wapigaji waliosomea, kampuni zenye pesa. Kambi si Philadelphia. Ni kweli. Hatuahidi kwamba kinanda kikitoka stoo, wimbo wa hapa utakuwa namba moja mahali popote. Lakini kumbukeni zile rekodi za mwanzo, pesa hakuna, mtu mmoja anapiga vyombo vingi. Philadelphia ilimkuta Bell akiwa tayari anajua kazi. Na hapa tuna kitu ambacho hata Philadelphia haikuwa nacho: kwenye zoni moja unakuta gitaa la Kongo, ngoma za Burundi, kwaya za Kinyarwanda, Wasomali na mashairi yao upande wa pili wa barabara. Hakuna anayevikusanya, kwa sababu anayeweza kuvikusanya halipwi na hatajwi.

Basi, hatuandiki ili tupumue tu. Tunaomba mambo haya, na yote yanawezekana kabla ya tarehe 20 Juni ijayo.

Kila wimbo unaotengenezwa na mradi uwe na majina ya wote waliouandika, waliopanga, waliopiga na waliorekodi. Majina yatangulie, nembo zifuate. Mpangaji alipwe posho ile ile ya mwimbaji, na gharama ya kuchaji irudishwe. Kabla ya kazi kuanza, karatasi moja iandikwe kwa lugha tunayoielewa: wimbo ni wa nani, utatumika wapi, ukitumika tena nani ataulizwa. Vinanda vitoke stoo, ufunguo ukae na kamati ya vijana, tutasaini kitabu, kikiharibika tutajibu. Na semina moja tu ya kujiamini ifutwe, pesa yake imlete mwalimu wa noti kwa miezi miwili. Wapo walimu humu humu kambini, kwenye kwaya, hata mjini hamna haja ya kwenda.

Kwa vijana wenzetu tunaomba machache. Acha kusema "nimetoa wimbo" kama hukuutoa peke yako. Ukiitwa jukwaani, mtaje aliyekupangia kabla hujaanza kuimba, dakika nzima haiishi. Na ukipata nauli na soda, uliza: na mpiga kinanda je? Wale waimbaji sita wangeuliza hivyo siku ile, sidhani kama shirika lingekataa. Hawakuuliza. Wawili kati yao wako kwenye kikundi chetu, wamesoma maneno haya kabla hatujayatoa, na wamekubali yabaki.

Sisi wa kikundi tumeamua hivi. Kuanzia sasa hatutaimba kwenye shughuli yoyote, iwe ya kampeni au ya wageni, kama jina la mpangaji halitatangazwa. Tutakosa tisheti na soda, tumezijadili na tumeona tutaishi.

Jumapili iliyopita watatu kati yetu tulikwenda stendi ya bodaboda kumwona. Tulimwekea "You Make Me Feel Brand New" kwenye simu, tukampa sikio moja la vidude vya kusikilizia. Sauti nyembamba ilipoingia, alicheka, akatutazama. "Huyu mutu alifanya kama miye," akasema. Tukamwambia ndiyo, na jina lake tunalijua. Akauliza vile vinanda bado viko stoo. Kisha abiria akaja, akawasha pikipiki.

Ninyi wenye ufunguo, ndiyo tuliyokuja kuwaambia. Ameuliza.